Masika Huja Daftari Limekwisha Fungwa

*Barabara na vijia vya mitaa ya Dar es Salaam hutengewa fedha kila mwaka, lakini yule avikanyagaye kila siku aghalabu hayupo wakati wa kuvipanga.*

Masika yaingiapo Dar es Salaam, mvua hunyesha usiku kucha, na kunapopambazuka njia ya mtaa iliyokuwa ya vumbi jana huwa ni dimbwi refu, lenye mawe machache yaliyopangwa mstari mmoja ili wapitao wapate pa kukanyaga. Mwanafunzi huvua viatu akavishika mkononi. Muuza maandazi hujitwisha ndoo yake na kukunja khanga kwa mkono wa pili. Na mwenye bajaji husimama njia panda akawaarifu abiria wake kwamba chombo hakiendi mbele ya hapo.

Vijana hutandika ubao juu ya mtaro uliobomoka kingo, wakamtoza kila apitaye sarafu. Mwenye nyumba aliyejaliwa uwezo huagiza lori la kifusi, kikamwagwa mbele ya mlango wake, na maji yaliyokuwa yakipita kwake hugeuza mkondo yakaingia kwa jirani, ambaye naye, kwa kuihami nyumba yake, hulazimika kutafuta kifusi chake. Hata masika yaishapo, kila mlango umeinuka, na barabara yenyewe imebaki chini ya yote, ikiwa ndiyo mfereji.

Hapo ndipo malalamiko huanza kupanda ngazi. Wakazi humwendea mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti humwendea diwani, diwani humwendea mhandisi, na mhandisi hujibu kwamba barabara ile haimo katika mpango wa mwaka huu wala wa mwaka ujao. Jibu hilo huwaudhi watu, walakini ni la kweli, na kiini cha ukweli huo ndicho tunachokusudia kukibainisha hapa.

Kalenda mbili zisizokutana

Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai 1 na kukoma Juni 30. Bunge huketi kuanzia Aprili kujadili makadirio ya wizara, na bajeti kuu husomwa Juni. Kwa hiyo halmashauri na mawakala wa serikali hawana budi kuwa wamemaliza mapendekezo yao mapema zaidi, aghalabu Januari na Februari, baada ya mitaa kutaja mahitaji yake na kata kuyakusanya.

Mbingu nazo zina kalenda yao. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei, na kuanzia Juni hata Septemba hupita kipupwe na ukavu, miezi ambayo ardhi hushindilika vyema na greda hufanya kazi bila kuzama.

Ukiziweka kalenda hizo mbili ubavu kwa ubavu, msiba hudhihiri wenyewe. Miezi mikavu iliyo bora kwa kazi ndiyo miezi ambayo fedha za mwaka mpya ndiyo kwanza zinafunguliwa, zabuni zinatangazwa na mikataba inangoja saini. Mkandarasi apatapo idhini ya kuingia kazini vuli imekwisha wadia, na changarawe iliyotandazwa Novemba juu ya udongo uliolowa hukutwa na masika ikiwa haijashikamana na chochote.

Mwananchi naye hulia Aprili, maji yakiwa magotini, ilhali orodha ya kazi za mwaka unaokuja ilikwisha andikwa Februari, wakati jua lilikuwa kali na kila barabara ikipitika. Kilio chake, kikibahatika kuandikwa, huandikwa kwa ajili ya mwaka ulio mbele ya huo.

> Mwananchi hulia Aprili, ilhali orodha ya kazi za mwaka unaokuja ilikwisha andikwa Februari.

Dhamana ilikotoka

Tofauti baina ya mtaa na mtaa haikuanza jana. Tangu enzi ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, mji wa Dar es Salaam uligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na lami, mifereji na miti ya kivuli vikaufuata mgawanyo huo kwa uaminifu. Uhuru ulipozifuta sheria za ubaguzi haukuifuta ramani ya mitaro. Na watu walipoujaza mji kutoka kila mkoa, walijenga penye nafasi pasipo kumngoja mpimaji, wakaacha baina ya nyumba na nyumba vijia visivyokuwa na jina wala upana uliokubaliwa na wote.

Sensa ya 2012 iliwakuta wakazi 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Yaani katika miaka 10 waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao alihitaji njia ya kutokea nyumbani kwake.

Hadi mwaka 2017 barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe. Mwaka huo serikali iliunda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambao watu wote huuita TARURA, ukaanza kazi Julai 1 na kukabidhiwa barabara zote zilizokuwa za halmashauri nchini, kama vile TANROADS, iliyoundwa mwaka 2000, ilivyokwisha kukabidhiwa barabara kuu na za mikoa. Kusudi lilikuwa jema: wahandisi na fedha za barabara vikusanywe pahala pamoja, kazi isimamiwe kwa utaalamu, na shilingi ya barabara isipotee njiani kwa matumizi mengine.

Shilingi iliyomo katika lita ya mafuta

Chimbuko kubwa la fedha za matengenezo ni Mfuko wa Barabara, ambao hulishwa hasa na tozo iliyomo katika kila lita ya petroli na dizeli. Kwa mujibu wa sheria, si chini ya asilimia 90 ya fedha za Mfuko ni za matengenezo na dharura, na ni zisizozidi asilimia 10 ziwezazo kutumika kwa maendeleo ya barabara. Kanuni hiyo ni ya hekima, kwa maana barabara iliyojengwa kwa gharama kubwa kisha ikaachwa bila kutunzwa ni mali ya umma iliyotupwa. Lakini kwa mtaa ambao haujapata kujengewa barabara, hakuna cha kutunza, na asilimia 90 hupita mbali nao.

Kwa miaka mingi mgawo wa barabara zilizo chini ya serikali za mitaa ulikuwa asilimia 30 ya Mfuko, ilhali barabara zinazotunzwa na TARURA zina urefu wa zaidi ya kilomita 144,000, na zile za TANROADS ni kilomita elfu 36 na ushei. Wabunge walilalamika kikao baada ya kikao, hata mwaka 2021 serikali ikaongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA.

Watetezi wa mgawo wa zamani nao hawakukosa hoja. Barabara kuu hubeba malori ya shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Kilomita moja ya barabara hiyo hailingani na kilomita moja ya mtaa, si kwa uzito wa mizigo wala kwa gharama ya kuitengeneza, na ikikatika, hasara hufika mpaka nchi za mbali.

Hata hivyo, ifahamike kwamba hakuna mkazi asiyeuchangia Mfuko huu. Abiria wa daladala huuchangia ndani ya nauli yake, na hata yule aendaye kwa miguu asubuhi na jioni huuchangia ndani ya bei ya nyanya alizonunua sokoni, ambazo zilikuja mjini kwa lori. Maadamu wote hulipa, wote wana haki ya kuuliza.

Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni zito kuliko asilimia zote. Fedha za Mfuko ni za barabara zilizotambuliwa na kupangwa katika madaraja yake. Kijia kisichoandikwa katika daftari la barabara, hata kipitwe na watu elfu kwa siku, hakina fungu. Na mwombaji wake, awe diwani au mkazi, huomba kitu ambacho mbele ya hesabu hakipo.

> Kijia kisichoandikwa katika daftari la barabara, hata kipitwe na watu elfu kwa siku, hakina fungu.

Rai ya mhandisi na rai ya diwani

Wahandisi huzigawa kazi za mwaka kwa mafungu yanayojulikana: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, matengenezo ya sehemu korofi, na matengenezo ya madaraja na makalavati. Fungu la kwanza ni kufyeka, kuzibua mitaro na kuziba mashimo. La pili ni kuirudishia barabara tabaka lake lililolika. La tatu ni kutengeneza pale tu panapowazuia watu kupita, na si barabara nzima.

Mtu atakaye kujua kwa nini barabara ya changarawe hufa mapema na aitazame baada ya mvua. Ikiwa na afya, huwa imeinuka katikati, na maji hushuka pande mbili yakaingia mitaroni. Mtaro ukizibwa kwa mchanga na mifuko, maji hukosa pa kwenda, hukaa juu ya barabara, hulainisha udongo wa chini, na gurudumu la kwanza la lori la mchanga huchimba alama ambayo gurudumu la kumi huifanya shimo. Kwa hiyo mhandisi husema, na kwa haki, kwamba fedha chache zielekezwe katika barabara chache, zikamilishwe pamoja na mitaro yake, kuliko kulipitisha greda mara moja katika kila mtaa na kuiachia mvua ya kwanza iyafute yote.

Diwani ana rai nyingine. Kata yake ina mitaa kadhaa, na kila mtaa una wapiga kura ambao humkuta msikitini, kanisani, msibani na sokoni wakamuuliza habari za barabara. Naye, tangu 2017, hujibu kwa niaba ya mhandisi ambaye si mtumishi wa baraza lake. Huona kwamba kuupa mtaa mmoja lami na mitaro huku mitaa mingine ikiachwa na matope ni dhuluma, na hutaka kila mtaa upate japo kidogo. Wapo madiwani na wabunge waliokwisha taka barabara zirejeshwe kwenye halmashauri, ili anayeulizwa awe ndiye mwenye mamlaka.

Ugomvi wa namna hii haupo kwetu peke yetu. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti barabara za kaunti, tozo ya mafuta ilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na magavana na wabunge wakazozana juu ya shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo, kila upande ukidai kuwa ndio wenye haki ya kuzitumia. Mabwana wawili wakigombea funguo za hazina moja, anayengoja nje ni mkazi wa mtaa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mhandisi ana haki juu ya namna ya kuzitumia fedha, na diwani ana haki juu ya uwazi wa kuchagua. Fedha zikikusanywa katika barabara chache pasipo vigezo vinavyojulikana, watu watashuku upendeleo, na shuku hiyo haitakosa sababu; lakini vigezo vikitangazwa, yaani idadi ya wapitao, kuwapo kwa shule au zahanati, na hatari ya mafuriko, mtaa utakaokosa mwaka huu utajua zamu yake iko wapi, na utaweza kungoja kwa subira yenye matumaini.

Haki ya waendao kwa miguu

Katika mabishano yote hayo hutajwa kilomita, lami na magari, na mara chache hutajwa miguu. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza safari mwaka 2016, iliwekewa njia pana za waenda kwa miguu. Lakini mtu akitoka kituoni na kuingia mtaani kwake, njia hiyo hukoma, naye huungana na bodaboda, mikokoteni na malori katika upana mmoja.

Kwamba jambo hili lina tiba isiyo ghali, ushahidi upo hapahapa mjini. Shirika la Amend, lililoanzia Dar es Salaam kazi yake ya kuhami njia za watoto wa shule, lilitumia vitu vya kawaida kabisa: kijia kilichotengwa na barabara kwa nguzo fupi, matuta ya kupunguza mwendo, vivuko vilivyochorwa, alama, na lango la shule lililohamishwa kutoka upande wa barabara kubwa. Utafiti uliofanywa ulionyesha majeraha ya watoto kupungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Njia za miguu zina mgogoro wake pia. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kwenye hifadhi za barabara na njia za waenda kwa miguu, wakaelekezwa maeneo mengine. Mwenda kwa miguu alipata nafasi yake, na machinga akapoteza wateja, kwa kuwa wateja wake ni hao hao wapitao. Mpango wa mwaka unaotenga fedha za kijia bila kutenga pahala pa meza ya biashara huahirisha tu ugomvi, nao hurejea meza zinaporejea.

Mitaa iliyoshika jembe

Yapo mambo ya kutia moyo ambayo mji huu umekwisha yaona. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wahisani wengine, walishiriki kupanga na kujenga mitaro na njia za mtaa wao kwa mikono yao, kwa mikataba iliyoipa jumuiya yao yenyewe kazi hiyo, na ujira ukabaki mtaani. Baadaye mradi wa kuboresha miundombinu ya jamii, uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, uliifikia mitaa mingine isiyopimwa, wakazi wakichagua vipaumbele vyao na kuchangia sehemu ndogo ya gharama.

Kisha ukaja mradi mkubwa wa kuliendeleza jiji la Dar es Salaam, uitwao DMDP, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2015, ukajenga barabara na mifereji katika Kinondoni, Ilala na Temeke. Aliyeziona barabara hizo hawezi kukana faida yake. Lakini mkopo ni mgeni, huja na kuondoka, na kinachobaki baada yake ni fungu la mwaka la kuzibua mitaro. Fungu hilo likikosekana, mfereji wa saruji nao huzibika sawa na ule wa udongo.

Kwingineko nchini, mafundi wa Mwanza wamezitandika njia za milimani kwa mawe yaliyochongwa papo hapo. TARURA nayo hutoa kazi za matengenezo ya kawaida kwa vikundi vya kijamii. Huo ni mwenendo wa kupanuliwa, kwa sababu kikundi kinachokaa kando ya mtaro hujua siku ulipoziba.

Hasara isiyoandikwa vitabuni

Gharama ya barabara mbovu haionekani katika makadirio yoyote, bali ipo. Ipo katika gari la wagonjwa linalosimama barabara kuu huku mzazi akibebwa kwa kiti hadi lilipo. Ipo katika gari la zimamoto lisiloweza kupenya. Ipo katika bei ya ndoo ya maji na ya mfuko wa saruji, ambayo hupanda kila chombo kinaposhindwa kuingia. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka, kilianzia Dar es Salaam kabla ya kuenea mikoani, na kila anayeijua mitaa yetu anajua kwamba maji ya mvua yasiyo na mtaro huchanganyika na maji ya chooni.

Hasara nyingine ni ya ardhi. Katika mitaa inayorasimishwa, majirani hutakiwa kukubaliana upana wa njia kabla mawe ya mipaka hayajasimikwa. Na mtaa unaoshindwa kuacha hatua chache leo, kesho utahitaji kubomoa nyumba na kulipa fidia, na fidia hiyo aghalabu huizidi gharama ya barabara yenyewe. Kijia kikikosa upana hakisajiliki kuwa barabara, na kisiposajiliwa hakina fungu, kama tulivyokwisha kueleza.

La kufanya kabla ya Februari

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja mkopo wala sheria mpya. La kwanza, matayarisho ya zabuni za kazi za mwaka yakamilishwe Mei na Juni, ili fedha zifunguliwapo Julai mkandarasi aingie kazini katika ukavu, na vuli iikute barabara imeshikamana. La pili, orodha ya barabara za kila kata ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, ikionyesha ipi imesajiliwa, ipi imetengewa kazi, kwa fedha ngapi, na vigezo vilivyoichagua. La tatu, kazi yoyote ya barabara ya mtaa isipokewe kuwa imekamilika kama haina mtaro na pahala pa kupita miguu.

Serikali na wakala wake wana wajibu wa hayo yote, nao waulizwe. Lakini mkazi naye ana miadi yake, na miadi hiyo ni kati ya Oktoba na Desemba, wakati mitaa inapotaja mahitaji yake na viti vya mkutano huwa vitupu. Nenda, msomaji, ukaulize maswali haya: je, njia yetu imeandikwa katika daftari la barabara? Ikiwa haijaandikwa, nani atakayeiwasilisha, na lini? Ikiwa imeandikwa, imeombewa kazi gani katika mwaka ujao? Majibu na yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na nakala yake mtaa uiweke, kwa maana huo muhtasari ndio utakaofika kwenye kata na halmashauri kabla ya Februari, na ndio utakaowapa wakazi hoja ya kudai pindi masika yatakapofika.